Kwa Nini Wayahudi Hawa Wanatusaidia, na Je, Tunadaiwa?

"Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watano. Tumetokea Fizi, Kivu ya Kusini, tukaishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, tukaletwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2024. Shirika lililotupokea uwanja wa ndege ni la Wayahudi. Watu wa sinagogi moja ndio waliotutafutia vitanda, masufuria na makoti ya baridi, na mpaka leo kuna wazee wawili, mume na mke, wanaompeleka mwanangu hospitali kila akiwa na miadi. Hawajawahi kutuomba chochote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kanisani kwetu mzee mmoja anasema hakuna cha bure, watatugeuza dini polepole na wataanzia kwa watoto. Mwingine anasema wanalipwa na serikali kwa kila kichwa. Kijana wangu mkubwa anasema wanatafuta watu wa kuitetea Israeli. Halafu ikaja barua ya deni la tiketi za ndege yenye jina la shirika lao. Kumbe tulikuwa tunakopeshwa? Sasa wale wazee wametualika chakula cha Ijumaa jioni. Je, niende? Nibebe nini? Na nikiwaalika kwangu, watakula? Na kwa nini watu wasio ndugu zetu wala wa kanisa letu wanatufanyia haya yote?"

Amina, Mama. Asante kwa kuuliza bila kuzungukazunguka. Nikiisoma barua yako naona hofu moja chini ya maswali yote: kwamba wema huu una bei, bei imefichwa, na siku itakapotajwa utakuwa umeshachelewa kukataa. Hofu hiyo si utovu wa shukrani. Mtu aliyeishi kambini, akasubiri mgao uliopunguzwa na watu asiowajua kwa sababu asizoambiwa, amejifunza kuuliza mkono unaotoa unataka nini. Mimi nafundisha masuala ya dini, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwatafsiria Wakongo na Warundi wanaofika Marekani. Kwa hiyo nitakujibu pande zote mbili: wanachoamini watu hawa, na jinsi mashirika yao yanavyoendeshwa.

Nianze na dini, maana nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Uyahudi hautumi wamisionari kwa watu wa mataifa mengine kama makanisa yetu yanavyofanya. Kwa mafundisho yao, mtu asiye Myahudi halazimiki kuwa Myahudi ili apate kibali kwa Mungu. Anatakiwa kushika amri saba ambazo wao husema walipewa wana wa Nuhu, zikiwemo kutoua, kutoiba, kutoabudu sanamu na kuweka mahakama za haki. Mwenye haki wa taifa lolote ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Hata anayetaka mwenyewe kuingia huwekewa ugumu kwanza. Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi wa kale, inaagiza aulizwe: umeona nini hata ukaja kwetu, hujui kwamba watu wa Israeli wakati huu wanateswa na kusukumwa huku na huko? Ipo desturi ya kumrudisha hata mara tatu. Akiendelea kushikilia, yanafuata masomo ya muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, kisha anasimama mbele ya baraza la watu watatu. Watu wenye haja ya kujaza sinagogi wasingeujenga mlango wao hivyo. Mwanao hawezi kuwa Myahudi kwa kula mkate wao wa Ijumaa, wala kwa kupanda gari lao kwenda hospitali.

Sasa, kwa nini wanafanya haya? Jibu la kwanza limo katika Biblia yako mwenyewe. Fungua Kutoka 23:9. Waisraeli wanakatazwa kumwonea mgeni, na sababu imetajwa papo hapo: wanaujua moyo wa mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Nenda Walawi 19, aya ya 33 na 34: mgeni akaaye kwenu awe kama mzalia, umpende kama nafsi yako. Kumbukumbu la Torati 10:18 inasema Mungu mwenyewe humpenda mgeni, humpa chakula na mavazi. Katika Talmudi, Rabi Eliezer anasema Torati imeonya juu ya mgeni mara 36, na wengine wakasema mara 46. Papo hapo Rabi Natan anaongeza neno lake: dosari uliyo nayo wewe, usimsimange nayo mwenzako. Sisi tungesema nyani haoni kundule. Aliyekuwa mgeni Misri hana uso wa kumdharau mgeni mlangoni kwake.

Lakini usizisome amri hizo kama mahubiri ya huruma peke yake. Ni sheria, na zina vipimo. Mkulima wa Israeli alipovuna hakuruhusiwa kumaliza pembe za shamba. Mganda aliousahau hakuruhusiwa kuurudia. Zabibu zilizoanguka aliziacha chini. Vitu hivyo vilikuwa vya maskini, yatima, mjane na mgeni. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, ikaweka kiwango: pembe hiyo isipungue sehemu moja ya 60 ya shamba. Kisha ikasema jambo ambalo kila nikilifundisha wanafunzi wangu hunyamaza kidogo: mwenye shamba anayemruhusu maskini mmoja aokote na kumzuia mwingine, au anayemsaidia mmoja wao kuokota, amewaibia maskini. Amewaibia, Mama. Masuke yale hayakuwa tena mali yake ya kugawa kwa upendeleo na kusubiri kushukuriwa.

Unaikumbuka habari ya Ruthu. Mwanamke wa Moabu, taifa lililokuwa na uhasama na Israeli, mjane, amefika Bethlehemu na mama mkwe wake hawana kitu. Aliingia shamba la Boazi kwa haki hiyo ya kuokota. Boazi alimwongezea wema wa moyo wake, ndiyo, lakini masuke ya kuokota yalikuwa yake Ruthu kabla Boazi hajamwona. Wayahudi wengi husoma kitabu hicho kila mwaka katika sikukuu ya Majuma, na mfalme Daudi ni wa uzao wa mhamiaji huyo. Kwa hiyo ukiniuliza kama unadaiwa, nakujibu kwa hesabu yao wenyewe: hudaiwi. Wale wazee wawili wanatimiza amri waliyopewa. Ukiwashukuru watafurahi kama binadamu yeyote, na ukikosa neno la kuwaambia siku hiyo kwa kuwa mtoto anaumwa, hujavunja mkataba wowote.

Kuna mtu mwingine wa kukusaidia kuzielewa tabia zao, hata zile zinazoweza kukukera. Anaitwa Maimonides. Alizaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1138. Familia yake ilikimbia mateso ya watawala wapya, ikahamahama mpaka Misri, na huko akawa tabibu na mwanasheria mkubwa wa Wayahudi hadi alipofariki mwaka 1204. Mkimbizi, basi, anayezungumzia kusaidiwa. Aliupanga utoaji katika ngazi nane. Ngazi ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amenuna. Ngazi ya pili kutoka juu ni pale mtoaji asipomjua mpokeaji, wala mpokeaji asimjue mtoaji, ili asiwepo anayeshusha macho mbele ya mwenzake. Na ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kabla hajaanguka: kumkopesha, kumfanya mbia, au kumtafutia kazi, asimame na asihitaji tena kuomba.

Tazama tena mambo yaliyokutokea. Vitanda na masufuria vilikuja havina jina la mtu, na wewe ukaona ni siri inayotisha. Kwao ni namna ya kulinda heshima yako. Na huenda uliona wanakusukuma mno: nenda darasa la Kiingereza, jaza fomu ya kazi, jifunze basi, hata ukajisemea wamenichoka hawa. Sehemu ya msukumo huo ni masharti ya programu za serikali, ambazo zinataka mkimbizi ajitegemee mapema. Sehemu nyingine ni ile ngazi ya juu kabisa ya Maimonides. Anayekufundisha kupanda basi anajaribu kujiondoa kati yako na maisha yako. Nakubali kwamba wengine wanalifanya hilo kwa pupa, bila kukuuliza kama mgongo unauma au kama mtoto mgonjwa ana wa kukaa naye. Waambie. Wengi hawajui mpaka waambiwe.

Jibu la pili ni kumbukumbu, tena ya karibu. Mwaka 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa, na Wayahudi wa dola yake wakashambuliwa mji baada ya mji. Hadi mwaka 1914 watu wapatao milioni 2 walikuwa wamehama Ulaya Mashariki, wengi wao wakielekea Marekani. Huko New York Wayahudi waliotangulia walianza kuwapokea wenzao kwa mlo, kitanda na mtu wa kuwasemea kwa maofisa. Katika juhudi hizo ndipo lilipozaliwa HIAS, shirika la Kiyahudi la wakimbizi linalohesabu umri wake tangu mwaka 1881. Kisha milango ikafungwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 iliweka idadi ndogo ya wahamiaji kwa kila nchi. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler, na karibu kila mmoja alieleza masikitiko yake akaeleza na sababu ya kutowapokea. Mei 1939 meli ya St. Louis iliondoka Hamburg, Ujerumani, kwenda Cuba na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Cuba iliwashusha wachache tu. Meli ikapita karibu na Florida, abiria wakaziona taa za Miami, Marekani ikakataa, ikabidi warudi Ulaya. Kati yao 254 waliuawa katika mauaji ya Wanazi.

Kama mzee anayekuendesha ana miaka 70 na kitu, hizo ni siku za wazazi wake. Kwenye familia nyingi za Kiyahudi yupo shangazi au babu ambaye faili lake lilikuwa mezani kwa ofisa fulani, likasubiri, na halikupigwa muhuri. Wewe uliyesubiri mahojiano Nyarugusu mwaka baada ya mwaka huhitaji nikueleze hali hiyo. Hata Afrika Mashariki imo katika historia hii. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, yaani wa harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, waliotafuta kimbilio, ardhi ya Uasin Gishu, Kenya ya leo, bila kuwauliza wenyeji. Pendekezo lilikataliwa mwaka 1905. Baadaye, miaka ya 1930, zipo familia za Kiyahudi kutoka Ujerumani zilizopata hifadhi Kenya.

Baada ya vita vya Vietnam, mwaka 1975, HIAS ilisaidia kuwapokea wakimbizi wa huko, na miaka ilivyokwenda idadi ya wasio Wayahudi ikawa kubwa kuliko ya Wayahudi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lina ofisi Nairobi, na huenda jamaa zako waliopitia huko wanalifahamu. Wenyewe wana msemo: zamani tuliwasaidia wakimbizi kwa sababu wao ni Wayahudi, leo tunawasaidia kwa sababu sisi ni Wayahudi. Wamelipa kwa hilo. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh akaua watu 11 waliokuwa katika ibada ya Sabato. Kabla ya kuingia alikuwa ameandika mtandaoni akiilaani HIAS kwa kuleta wakimbizi. Nakuambia hili pia ili usishtuke ukialikwa sinagogi siku moja na kumkuta polisi mlangoni na mlinzi wa kukagua mikoba. Hawakushuku wewe. Wanajilinda, na kati ya makosa wanayochukiwa nayo ni kukupokea wewe.

Hata hivyo usimwambie mzee wa kanisa kwamba Wayahudi wote wana neno moja. Hawana. Wanasheria wao wengi wa zamani walizisoma aya za mgeni kuwa zinamhusu hasa yule aliyeingia dini yao. Ipo pia kanuni katika Talmudi kwamba maskini wa mji wako hutangulia maskini wa mji mwingine, na wanaotaka mipaka mikali huitumia. Wengine huwajibu kwa kanuni nyingine ya marabi hao hao: maskini wa mataifa walishwe pamoja na maskini wa Israeli, kwa ajili ya amani. Stephen Miller, mshauri wa Rais Trump na mmoja wa wabunifu wakuu wa sera kali za uhamiaji, ni Myahudi. Katika masinagogi mengine utamkuta aliyejitolea kukufundisha Kiingereza ameketi karibu na aliyeipigia kura sera iliyomzuia mdogo wako asije.

Hapa ndipo namjibu kijana wako, na nataka kumjibu kwa heshima, kwa kuwa swali lake ni zito. Taifa la Israeli lenyewe halina rekodi nzuri ya kujivunia kwa wakimbizi wa Afrika. Makumi ya maelfu ya Waeritrea na Wasudani walifika huko kupitia jangwa la Sinai, wakaitwa wapenyezaji, na wengi wakawekwa kituo cha Holot, katikati ya jangwa la Negev, kilichofunguliwa mwaka 2013 na kufungwa mwaka 2018. Mwaka huo wa 2018 serikali ilipanga kuwapeleka nchi ya tatu barani Afrika. Rwanda na Uganda ndizo zilizotajwa sana, nazo zikakana. Aprili Waziri Mkuu Netanyahu alitangaza makubaliano na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na kesho yake akayafuta. Katika miezi hiyo hiyo marabi, madaktari, baadhi ya marubani na wazee walionusurika na mauaji ya Hitler, wote Waisraeli, walipinga hadharani, na hoja iliyorudiwa ilikuwa ile ile ya kuwa wageni Misri. Kwa hiyo amri ipo, na wanaoivunja wapo, na wanaowakemea kwa kutumia amri hiyo wapo pia. Makanisa yetu hayana tofauti katika hili.

Kati ya wanaokusaidia watakuwepo wanaoipenda Israeli kwa moyo wote na wanaoikosoa vikali. Hakuna hata mmoja mwenye haki ya kukudai msimamo juu ya Israeli na Palestina kama malipo ya godoro. Ukiulizwa, sema hupendi kuzungumza siasa. Inatosha.

Tuje kwenye fedha, maana huko uvumi una nusu ya ukweli. Ni kweli serikali ya Marekani ililipa mashirika kiasi fulani kwa kila mkimbizi, kwa ajili ya miezi 3 ya kwanza. Sehemu ya fedha hizo ni ya mahitaji yako moja kwa moja, yaani kodi ya nyumba, chakula, vyombo, na sehemu ni ya kuendesha ofisi. Utaratibu huo ulikuwa mmoja kwa mashirika yote yapatayo 10 yaliyokuwa na mkataba, likiwemo la maaskofu wa Katoliki, la Walutheri na la Waevanjeli. Fedha hizo haziruhusiwi kutumika kwa mahubiri, na una haki ya kumwomba keswaka wako, yaani mfanyakazi wa shirika anayeshughulikia faili lako, akuonyeshe zilivyotumika. Wale wazee wawili, kwa upande mwingine, ni watu wa kujitolea. Hawalipwi na serikali, na petroli ni yao. Tena mwezi Januari 2025 serikali mpya ilipositisha upokeaji wa wakimbizi, fedha nyingi za mashirika zilikwama, na HIAS ni mmoja wa waliokwenda mahakamani kupinga. Kama msaada wa ofisi ulipungua ghafla ulipokuwa bado mgeni na wale wazee wakaendelea kuja, sasa unajua ilikuwaje.

Deni la tiketi ni jambo jingine kabisa. Kabla hamjasafiri, wewe na kila mtu mzima katika familia mlitia saini karatasi ya ahadi ya kulipa nauli. Mkopo ule ni wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na hauna riba. Karatasi zilikuwa nyingi, mnakimbizwa, na wengi hawakumbuki. Shirika lililowapokea hukusanya malipo hayo na kubakiza sehemu kwa gharama zake, ndiyo maana jina lao limo kwenye barua. Wakimbizi wanaopokelewa na mashirika ya Kikristo hupata barua ya aina hiyo hiyo. Usiitupe. Malipo yakiingia kwa wakati yanaandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo, nayo itakufaa ukitaka kukopa gari. Kama kiasi cha mwezi ni kikubwa, piga simu namba iliyo kwenye barua uombe kipunguzwe au kiahirishwe kabla hujachelewa, na uwaombe mkalimani wa Kiswahili.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kukutatulia, na hayo nenda ukayaseme ana kwa ana. Mtu yeyote, wa dini yoyote, akishika vyeti vyako halisi na kukataa kuvirudisha, akikuambia msaada utakoma watoto wasipohudhuria jambo fulani, akitaka pesa ili faili liende haraka, au akikupa karatasi ya kusaini ambayo hujasomewa kwa lugha yako, mwendee msimamizi wa keswaka, si keswaka peke yake. Picha za watoto wako zisiwekwe popote bila ruhusa yako. Hospitali ina wajibu wa kukuletea mkalimani bila malipo, na wale wazee, pamoja na wema wao, hawalazimiki kuwepo ndani daktari anapoeleza ugonjwa. Waombe wakusubiri nje, ni jambo la kawaida. Na kuhusu kadi ya ukazi wa kudumu au kuleta ndugu waliobaki kambini, usitegemee maneno ya kanisani wala ya duka la kujaza fomu za kodi. Mambo yamebadilika sana tangu Januari 2025. Muone mwanasheria wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mashirika mengi ya wakimbizi yanaye, na huduma huwa ya bure au ya bei ndogo.

Sasa mwaliko. Nenda, Mama, na watoto wote. Marabi husema kumkaribisha mgeni ni kukubwa kuliko kuupokea utukufu wa Mungu, kwa sababu katika Mwanzo 18 Abrahamu alikuwa na Mungu mlangoni pa hema, akawaona watu watatu, akawakimbilia. Kumpa mwenye nyumba wa Kiyahudi wageni Ijumaa ni kumpa furaha halisi.

Fika kabla jua halijazama. Mama wa nyumba huwasha mishumaa, kwa kawaida miwili, na kufunika macho akiomba. Kuna nyimbo, na wazazi huwawekea watoto wao mikono kichwani na kuwabariki. Baba husoma baraka juu ya kikombe cha divai. Ikiwa hamnywi pombe, sema mapema, juisi ya zabibu inafaa kwa baraka ile ile. Halafu jambo linalowashangaza wageni: katika nyumba zinazofuata desturi kikamilifu, watu hunawa mikono kwa kikombe chenye mishikio miwili, kisha wananyamaza kimya, hakuna anayejibu hata ukimsemesha, mpaka mkate ubarikiwe. Hawajakasirika. Mikate ni miwili, imesukwa, imefunikwa kwa kitambaa, na hutiwa chumvi. Wanao wa kiume wakipewa kofia ndogo wakiwa sinagogini, kuivaa ni adabu ya mahali, kama kuvua viatu msikitini. Na ukiulizwa kuomba pamoja nao, unaweza kukaa kimya kwa heshima.

Usibebe chakula ulichopika wala divai, kwa sababu ya sheria zao za vyakula. Beba maua, au matunda mazima, au kitenge kizuri cha kutandika mezani. Na uliza jambo moja mapema: je, wanaendesha gari siku ya Sabato? Wengi huendesha, wengine hawagusi gari wala simu mpaka Jumamosi usiku. Kama ni wa namna hiyo, panga mtu wa kuwarudisha nyumbani.

Ukiwaalika kwako, waulize wanashika sheria za chakula kwa kiasi gani. Wanaozishika kwa ukali hawatakula kwenye sufuria zako, nalo lisikuumize. Watengee machungwa na ndizi zisizomenywa, karanga za pakiti yenye herufi U ndani ya duara, ambayo ni alama kwamba sheria zao za chakula zimefuatwa, na chai ya rangi katika glasi. Wasio wakali sana watafurahia ugali na sombe yako ya mawese. Usiweke nguruwe, usichanganye nyama na maziwa au siagi. Samaki awe mwenye mapezi na magamba: sato ni sawa, na migebuka ungeipata ingefaa, ila kambare hapana, kwa kuwa hana magamba, na kamba wa baharini nao hapana. Jumapili mchana, mkishatoka ibadani, ni siku inayowafaa wao na ninyi.